Kiongozi wa bendi ya chuo kikuu: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Anapunga mkono tu, bendi ingejipigia yenyewe

Bendi iliyozoeana inaweza kweli kupiga wimbo rahisi bila mtu kusimama mbele, mradi mwendo haubadiliki. Ugumu uko kwenye kuanza, kusimama na kubadili mwendo, na hapo ndipo mkono unapofanya kazi ambayo mtazamaji haioni.

Chukua pigo la maandalizi. Kabla ya sauti ya kwanza, mkono hupanda mara moja tu, na katika kupanda huko wapulizaji husoma mambo matatu: mwendo, ukubwa wa sauti, na kama sauti inaanza kwa kukatwa au kwa ulaini. Kwa mwendo wa mapigo 72 kwa dakika, kiongozi ana kama sekunde 0.8 za kuyasema yote hayo bila neno. Anavuta pumzi pamoja na mkono, kwa sababu wapulizaji nao wanavuta pumzi papo hapo. Wanaoanza kujifunza hukosea kwa namna mbili. Wengine mkono hutikisika kidogo kabla ya kupanda. Mtikisiko ule husomwa kama pigo, nusu ya bendi inaingia na nusu inasubiri. Wengine hupandisha mkono kwa haraka ya woga kisha wanataka kwenda polepole, na kipimo cha kwanza, yaani fungu la kwanza la mapigo, kinavurugika. Dawa ni moja: imba mwanzo wa wimbo kimoyomoyo mpaka uusikie, ndipo upandishe mkono kwa mwendo huo huo uliomo kichwani.

Mkono unahitajika pia kwa sababu ya umbali. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mpiga ngoma aliye mita 10 nyuma ya filimbi huzisikia zikiwa zimechelewa karibu milisekunde 29. Akizifuata kwa sikio, sauti yake nayo huchukua milisekunde nyingine 29 kurudi mbele. Mbele anasikika amechelewa milisekunde 58 hivi, na kwenye mwendo wa mapigo 120 hiyo ni karibu nusu ya robo ya pigo. Hakukosea hesabu, alisikiliza mahali ambapo alipaswa kutazama. Ndiyo maana wapiga ngoma hufundishwa kuufuata mkono kuliko sikio.

Dhana: Lazima ajue kupiga ala zote kwa ustadi

Hakuna anayezijua zote kwa kiwango cha jukwaani. Kiongozi huwa na ala yake moja aliyoisomea kwa miaka mingi. Katika zilizobaki anatakiwa aweze kutoa sauti safi, ajue vidole vya msingi, na hasa ajue tabia mbaya ya kila moja, kwa sababu atakachoulizwa na mwanafunzi ni "kwa nini hii haikai?"

Filimbi ikipulizwa kwa nguvu sauti yake hupanda, yaani huwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Klarineti ikipulizwa kwa nguvu hushuka. Kwa hiyo mahali ambapo bendi nzima inaongeza sauti, ala hizi mbili zinaachana hata kama zilikuwa sawa kabisa sekunde tano kabla. Ukiwaambia "sikilizaneni" bila kuwaambia nani anapanda na nani anashuka, utarudia maneno hayo hadi mwisho wa muhula. Mwambie wa filimbi ashushe kidogo mkondo wa pumzi, na wa klarineti akaze mdomo kiasi na asiachie taya. Tarumbeta nayo ina ugonjwa wake: valvu ya kwanza na ya tatu zikibonyezwa pamoja sauti hupanda, na zote tatu zikibonyezwa hupanda zaidi, maana urefu wa mabomba yanayoongezwa hautoshi. Mpigaji anapaswa kusukuma nje mrija wa valvu ya tatu kwa kidole kila anapopita hapo. Wengi huuacha umeganda kwa kutu na mafuta makavu. Hakikisha unateleza kabla ya kumlaumu mtu masikio.

Dhana: Mkishatyuni mwanzoni, kazi ya sauti imekwisha

Kutyuni ni kulinganisha sauti za ala. Dhana hii ndiyo inayoharibu bendi nyingi, tena bendi zenye wapigaji wazuri.

Nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa kati ya sauti mbili za piano, hugawanywa vipande 100 vinavyoitwa senti. Hewa iliyomo ndani ya ala ikiongezeka joto kwa nyuzi 10 za Selsiasi, sauti hupanda kama senti 30, karibu theluthi ya nusu toni. Ala zilizotoka kwenye stoo yenye baridi, zikatyuniwa mara moja na kupigwa, baada ya robo saa zimekuwa ala nyingine. Marimba na ala nyingine za vibao hazipandi pamoja nazo. Kwa hiyo puliza kwanza dakika 8 hadi 10, ndipo utyuni.

Hata hapo, kumridhisha mshale wa kifaa cha kutyuni hakutoshi. Kifaa hupima sauti moja moja kwa mgawanyo ulio sawa, yaani nusu toni zote zikiwa na ukubwa mmoja. Sikio husikia kodi nzima, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Katika kodi ya do-mi-so, mi hukaa vizuri ikishushwa senti 14 chini ya pale kifaa kinaposema, na so hupandishwa senti 2. Mwanafunzi anayepiga mi huku kioo kikimwonyesha kijani anaweza kuwa ndiye anayeikwaruza kodi yote. Njia ya kufundisha jambo hili ni nyepesi: tuba na ala za chini zishike do kwa muda mrefu bila kuyumba. Ongeza so, isikike hadi mtikisiko wa sauti mbili kugombana utulie. Mwisho ingiza mi, kwa sauti ndogo kuliko zote, na mwambie mpigaji aishushe taratibu hadi asikie kodi imetulia. Fanya hivyo kila zoezi, na kila mara mpe mtu tofauti ile mi. Wakishajua nani ana mi katika kodi ya mwisho ya wimbo, hawatahitaji kuambiwa tena.

Dhana: Kazi inaanza mazoezini

Kazi inaanza mezani, wiki kadhaa kabla, mbele ya nota kuu, yaani kitabu chenye sauti zote kwa pamoja. Ugumu wake ni kwamba ala nyingi haziandikwi kama zinavyosikika. Bendi nzima ikipiga B flati, wa filimbi, tromboni na tuba huona B flati. Wa klarineti na tarumbeta huona C. Wa saksofoni ya alto huona G. Wa honi ya Kifaransa huona F. Aliyezoea do-re-mi, ambako do huhama na ufunguo, ana faida hapa. Ila kiongozi anatakiwa afanye hesabu hiyo papo hapo, maana mwanafunzi wa honi akiuliza "niko kwenye noti gani?" anataka jibu la karatasi yake, siyo ya tuba.

Utaratibu unaofaa ni huu: gawa wimbo katika sehemu kubwa, kisha katika vifungu vya vipimo vinne au vinane. Imba kila sauti, hata zile za katikati zisizovutia. Weka alama pale ala inapoingia baada ya kukaa kimya muda mrefu, kwa sababu anayehesabu vipimo 40 vya kimya atahitaji kutazamwa usoni. Mwisho andika mahali matatu utakapokosea wewe na matano watakapokosea wao. Usiweke rangi kila mstari. Nota iliyopakwa yote haikuonyeshi lolote.

Dhana: Mazoezi ni kurudia wimbo mpaka ukae

Kurudia bila kutaja kosa ni kulizoeza kosa. Ukisimamisha bendi, sema nani, wapi, nini, kwa mpangilio huo: "Klarineti ya tatu, kipimo cha 47, pigo la tatu, mnaingia mapema." Sentensi moja, kisha mkono juu. Hotuba ya dakika tatu huwapoza midomo.

Kifungu cha vidole vigumu kitengenezwe hivi. Kwanza wakiseme kwa mdomo kwa mapigo. Pili wakipige chote kwa noti moja, ili mapigo yakae bila vidole. Tatu warudishe noti zake, kwa mwendo wa 80 badala ya 120. Panda kwa 4 au 6 kila kikikaa mara mbili mfululizo. Kikianguka, rudi hatua moja. Mara nyingi kitakachobaki ni noti mbili tu kati ya kumi na mbili. Hizo mbili ndizo za kufanyia kazi.

Katika dakika 90, fungu la kati ndilo lenye akili nyingi, basi kigumu kiwekwe hapo. Dakika za mwisho wapige kitu kizima bila kusimamishwa. Wakiondoka wamevunjwavunjwa vipande, hawajui wimbo unaelekea wapi.

Dhana: Bendi ni ya gwaride, muziki wenyewe uko orkestra

Bendi za vyuo vya Marekani zilikua sana kwenye gwaride na viwanja vya mpira, hilo ni kweli, na bado gwaride ni sehemu kubwa ya kazi. Ila mwaka 1952 kiongozi wa bendi Frederick Fennell alianzisha Eastman Wind Ensemble, kundi la ala za kupuliza, mjini Rochester, New York, kwa wazo la mtu mmoja kwa kila sauti badala ya kurundika watu kumi kwenye mstari mmoja. Kila mpulizaji akasikika peke yake, na watunzi wakapata rangi za sauti wasizokuwa nazo. Na hata kabla ya hapo, mtunzi Mwingereza Gustav Holst alikwisha kutunga kwa ajili ya bendi tangu 1909. Anayesema bendi haina muziki wake hajafungua kabati la nota.

Dhana: Shahada nzuri inakupa bendi

Njia ya kawaida Marekani ni shahada ya kwanza ya elimu ya muziki, miaka kadhaa ya kufundisha bendi za shule, uzamili wa uongozaji, kisha mara nyingi uzamivu. Ile miaka ya shuleni wengi wanatamani kuiruka, nayo ndiyo inayokutengeneza, kwa sababu sehemu kubwa ya wanafunzi wako wa chuo watakuwa walimu wa shule. Wanaoajiri huomba video, na wanachotazama zaidi ni video ya mazoezi: unasikia nini, unasema nini, na baada ya maneno yako sauti imebadilika au la. Wakikuita, utasimama mbele ya bendi usiyoijua na utafundisha somo darasani.

Ukipata kazi, kuongoza kutakuwa sehemu tu ya wiki. Kuna majaribio ya wanafunzi wapya, ala za kupeleka kwa fundi, bajeti, maktaba ya nota, na wanafunzi wanaokwenda mazoezi ya ualimu.

Dhana: Sauti kubwa ya muziki haidhuru kama ya mashine

Sikio halitofautishi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, hupendekeza mtu asizidi saa 8 kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: desibeli 94 ni saa moja, desibeli 100 ni dakika 15. Bendi kamili kwenye chumba kidogo hufika huko bila taabu, na kiongozi yuko mbele ya midomo yote ya tarumbeta. Weka mapazia mazito ukutani, pandisha tarumbeta na tromboni kwenye ngazi ili zisipulize visogo vya walioketi mbele, na fanya sehemu za sauti kubwa kwa vipindi vifupi. Vizibo vya masikio vya wanamuziki, vinavyopunguza desibeli 9 au 15 kwa usawa, vinaacha usikie kodi vizuri. Vile vya sponji hukata zaidi sauti za juu, ukaanza kudai filimbi ziongeze wakati zinatosha.