Utepe Umekatwa, Mradi Haujafungwa: Dhana Potofu na Ukweli

Simu iliingia alfajiri, miezi minane baada ya sherehe ya uzinduzi. Alikuwa mlinzi wa pampu wa kijiji tulichokijengea mradi wa maji. "Mhandisi, shikamoo. Bomba limepasuka huku shuleni, maji yanamwagika tangu usiku. Ile valvu ya kufungia iko wapi?"

Nilijua ipo, maana nilisimama hapohapo ikiwekwa. Ila mimi nilikuwa mkoa mwingine, na michoro inayoonyesha bomba lilivyopita kweli (siyo ile ya kwenye zabuni, tuliyoikiuka tulipokutana na mwamba) ilikuwa kwenye kompyuta ya msaidizi wangu aliyekwishaacha kazi. Walichimba mashimo matatu. Chemba yenye valvu hiyo ilikuwa chini ya kifusi cha darasa jipya. Na kwenye mafaili yetu mradi ule ulisomeka "umekamilika".

Dhana: Mradi ukizinduliwa, umeisha

Uzinduzi ni shughuli ya viongozi, na hauna uzito wowote kimkataba. Tazama kitabu chekundu cha mwaka 1999 cha FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri: ni mkataba wa mfano unaotumika sana kwenye ujenzi mkubwa. Kazi ikikamilika, isipokuwa vitu vidogovidogo, mhandisi hutoa hati ya makabidhiano na mwenye mradi anaanza kutumia jengo au barabara yake. Hapo ndipo kinapoanza kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mzima, ambapo mkandarasi anarudi kurekebisha kasoro kwa gharama zake.

Nusu ya fedha za zuio (zile zinazokatwa kwenye malipo ya mkandarasi na kushikiliwa) hutoka kwenye makabidhiano, nusu nyingine matazamio yakiisha. Kisha ndani ya siku 28 mhandisi anatakiwa kutoa hati ya mwisho, ile ya kuthibitisha utekelezaji. Kitabu chenyewe kinatamka kwamba hiyo peke yake ndiyo inayohesabika kuwa kazi imepokelewa. Hata baada yake bado kuna hesabu ya mwisho, na mkandarasi ana siku 56 za kuwasilisha rasimu yake.

Nimeona mkandarasi akiisahau nusu ile ya pili kwa sababu yuko mbio na kazi nyingine. Nimeona pia mwenye mradi akikumbuka ufa wa ukuta wiki moja baada ya matazamio kuisha. Wote wawili walikuwa wanaamini utepe.

Dhana: Kama hela imebaki, tuimalize kabla ya tarehe ya kufunga

Wiki ya mwisho ya mradi wa wafadhili utaijua kwa semina. Ghafla kila mtu anahitaji mafunzo, na ya hotelini. Tarehe ya kufunga ni mpaka wa kuingia gharama, siyo wa kuzilipa. Kwenye mikopo ya Benki ya Dunia, kwa mfano, kwa kawaida kuna miezi 4 zaidi ya kulipia na kudai gharama zilizoingiwa kabla ya tarehe hiyo. Anayekijua kipindi hicho hakimbizani na risiti usiku. Asiyekijua huagiza vitu mwezi mmoja baada ya mpaka, mkaguzi akifika anakataa, na taasisi inalipa kutoka mfukoni mwake.

Dhana: Mradi uliovunjika njiani hauna cha kufunga

Huu ndio unaohitaji kufungwa zaidi. Oktoba 1993 Bunge la Marekani lilisitisha mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe uliokuwa ukijengwa Waxahachie, Texas. Zaidi ya kilomita 20 za handaki zilikuwa zimeshachimbwa, na takriban dola bilioni 2 zimetumika. Bunge hilohilo likatenga dola milioni 640 za kuufunga kwa utaratibu. Kuacha nako kuna bei: wafanyakazi wana stahiki zao, wakandarasi wana mikataba, na shimo halijifukii lenyewe.

Kwetu mradi ukikwama, watu hutoweka tu. Nondo zinabaki zimechomoza zikila kutu, mkataba haujavunjwa kwa maandishi, na mkandarasi mwingine hawezi kukanyaga saiti kwa kuogopa kesi.

Dhana: Kufunga ni kazi ya mhasibu

Mhasibu atafunga akaunti na kurudisha magari, basi. Hajui dhamana ya pampu inaisha lini, wala nani kijijini anaweza kubadilisha fyuzi.

Na yale tuliyojifunza kwenye mradi, yasisubiri ripoti ya mwisho. Wakati huo nusu ya timu imeshaondoka, na waliobaki wanakumbuka mazuri tu. Sisi hatukuandika popote siku tuliyokutana na mwamba, ingawa ndiyo siku bomba lilipohama njia.

Baada ya simu ile nilirudi kijijini kwa nauli yangu. Tulitembea njia nzima ya bomba na kamati ya maji, tukapaka rangi nyekundu kila mfuniko wa chemba, na mchoro mmoja tukaubandika ukutani kwenye nyumba ya pampu. Kazi ya nusu siku.