Wazo ni la nini? Maana ya neno "maana"

Juzi natoka Moshi narudi Arusha na Coaster, nimekaa dirishani upande wa mlima Kilimanjaro, sina hili wala lile, mama mmoja tuliyekaa naye siti moja kapakata kikapu chake akanigeukia, mwanangu mbona una mawazo hivo? Nikamwambia hapana mama, nawaza tu. Akacheka, "si ndo hayohayo". Na mimi nikacheka ila lile jibu nimekaa nalo mpaka leo, kwa sababu sio hayohayo, na Kiswahili chenyewe kinajua kwamba sio hayohayo.

Cheki we mwenyewe. Ukiwa na wazo kikao kizima kinakusikiliza. Ukiwa na mawazo, watu wanaulizana umepatwa na nini, kama ni mkopo au ada ya mtoto au umeachwa. Neno limeingia tu kwenye wingi limegeuka ugonjwa. Alafu pembeni kuna kufikiri, kukumbuka, kudhani, kupanga, kutamani, kuogopa, vyote tunaviweka kwenye gunia moja la "mambo ya kichwani", wengine wanasema ya moyoni. Sasa wanafalsafa wanauliza, hivi vyote vinafanana nini mpaka viingie gunia moja?

Jibu moja ambalo limedumu sana ni hili: vyote ni vya kuhusu kitu. Hiyo sifa ina jina lake refu, intenshonaliti, na usidhani ni habari ya kufanya kitu makusudi, hapana, ni huko kuhusu tu. Jiwe lililoko Kibo halihusu chochote, lipo tu. Mvua inanyesha, hainyeshi kuhusu mtu. Ila ukiwaza lazima kuna kinachowazwa, na kama unabisha jaribu sasa hivi kuwaza bila kuwaza kitu, utajikuta unaliwaza hilo jaribio.

Kioja kinakuja hapa. Kinachowazwa si lazima kiwe mbele yako. Siku ile mlima ulikuwa umejifunika wote, huoni hata kigongo, lakini mi nilikuwa nauwaza uleule wa mita 5,895, sio mawingu yake. Tena si lazima kiwepo kabisa! Mpira ambao haupo huwezi kuupiga teke, Coaster ambayo haipo huwezi kuipanda (japo kuna jioni pale stendi watu wanajaribu), lakini nyumba ambayo sijajenga na kiwanja chenyewe sina naiwaza mpaka rangi ya geti. Sasa hilo wazo limeshika nini? Ni kama kamba imekazwa kabisa, ukiifuata upande wa pili hukuti mti wala kigingi. Mwaka 1874 mwanafalsafa Franz Brentano alisema hiyo ndo alama ya mambo ya akili, ndo inayoyatenga na vitu vingine vyote vya dunia, na toka hapo ugomvi haujaisha.

Ila Brentano hakuitoa kichwani mwake, aliichukua kwa wanazuoni wa Ulaya wa zama za kati, na wao lile neno lao la Kilatini, intentio, walikuwa wamelitumia kutafsiri vitabu vya Kiarabu, vikiwemo vya Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki 1037. Yeye aliandika ma'na. Ndio, hilohilo maana letu, la "maana yake nini" na "mtu wa maana". Mi nilipojua hili nilifurahi kama mtu aliyekuta ndugu yake kwenye picha ya harusi ya watu asiowajua.

Mfano wa Ibn Sina ni kondoo na mbwa mwitu. Kondoo anaona rangi, anaona umbo, anaona mwendo, lakini uadui hauna rangi wala umbo na bado kondoo anatoka mbio. Kuna kitu amekishika ambacho macho hayakumpa, hicho ndo ma'na. Aliyechunga mbuzi Monduli hahitaji kuelezwa, aweke tu fisi badala ya mbwa mwitu. Wataalam watakwambia maana ya Ibn Sina na kuhusu kwa Brentano haviko sawasawa, na kweli haviko, ila njia ambayo neno limepita ni hiyo.

Sasa chukua chupa ya maji yenye picha ya mlima. Ule wino unahusu mlima, sawa, lakini wino haujui hilo, unahusu kwa sababu sisi tunautazama hivo, yani umeazima kwetu. Sisi tumeazima kwa nani? Ubongo ukiupasua ni nyama, hamna mlima mle ndani. Hilo ndo swali gumu kuliko yote na sijaona aliyelijibu nikaridhika.

Mwanafalsafa mwingine, John Searle, mwaka 1980 alilisogeza kwenye kompyuta. Alisema fikiria mtu kafungiwa chumbani, anapewa maandishi ya Kichina, ana kitabu cha maelekezo kwa lugha yake, analinganisha maumbo na kutoa majibu sahihi, walioko nje wanaamini anajua Kichina kumbe hajui hata neno. Kompyuta ndo hivo, anasema. Mi hapo nawakumbuka flaikacha wa Mnara wa Saa pale Arusha, wale vijana wanaowafuata watalii kuwauzia safari, chalii anamsalimia mgeni Kijapani, anajibiwa, anacheka panapochekwa, na Kijapani chake kimeishia hapo. Lakini simkubalii Searle moja kwa moja kwa mfano huu, kwa sababu yule chalii maneno yake yanamhusu mgeni kwelikweli, anataka auze safari. Simu inayokujibu maswali siku hizi haina cha kuuza wala njaa, mi nadhani tofauti iko hapo zaidi kuliko kwenye kuijua lugha.

Tulipofika Usa River yule mama akasema mwenyewe, "Mi ndo nina mawazo mwanangu, toka jana moyo mzito, na wala sijui ya nini, watoto wazima, ng'ombe mzima." Brentano angembana, lazima kuna kitu, kitafute vizuri. Wengine wangemtetea, wanasema moyo nao una hali ya hewa yake, haihusu chochote. Nikamuuliza, sasa mama ya nini? Akanitazama kama mtoto mjinga hivi, "Ningejua si ningesema nina shida?"

Konda akagonga bati, Tengeru hiyo, siku ya soko, akashuka na kikapu chake.