Skrubu si ligamenti: dhana potofu na ukweli kuhusu vipandikizi vya goti

Mchezaji anapochanika ligamenti ya mbele ya goti, ile ambayo watangazaji wa mpira wametuzoesha kuiita ACL, maswali yake baada ya upasuaji huelekea zaidi kwenye chuma. Kimewekwa wapi? Kitatolewa lini? Kitaota kutu? Kitalia uwanja wa ndege? Ana haki ya kuuliza. Ila nyuma ya maswali hayo kuna wazo moja lisilo sahihi, kwamba chuma ndicho kilichotibu goti. Naanza na wazo hilo kwa sababu ndilo linalorudisha vijana wengi hospitalini.

“Nimefungwa skrubu, goti limeshakuwa imara”

Ligamenti hii ikikatika, kwa kawaida haiungi yenyewe ikarudi kama ilivyokuwa. Daktari hutengeneza nyingine kwa kano la mgonjwa mwenyewe: sehemu ya kano lililo chini ya pia ya goti, au makano ya misuli ya nyuma ya paja, au la misuli ya mbele ya paja. Hutoboa tundu kwenye mfupa wa paja na jingine kwenye mfupa wa muundi, akalipitisha kano humo, kisha akalikaza pande zote mbili. Kazi ya kipandikizi ni huko kukaza.

Vinavyotumika zaidi ni vya aina mbili. Skrubu huingizwa ndani ya tundu, ubavuni mwa kano, ikalibana kwenye ukuta wa mfupa. Mara nyingi unene wake ni milimita 7 hadi 10 na urefu milimita 20 hadi 30. Kifungo ni kibamba cha titani, kwa kawaida kama milimita 12 kwa 4, chenye kitanzi cha uzi imara. Kano huning’inia kwenye kitanzi, na kibamba kikishavuka upande wa pili wa mfupa wa paja hugeuzwa kikalala juu ya gamba lake gumu la nje, kisiweze kurudi tunduni.

Siku ya upasuaji uimara wote wa goti unategemea vitu hivyo vidogo, wala si kwa sababu kano ni dhaifu. Vipimo vya mtafiti Woo na wenzake, vilivyochapishwa mwaka 1991, vilionyesha kwamba ACL ya kijana hukatika kwa mvuto wa takriban nyutoni 2,160, sawa na kuning’iniza mzigo wa kilo 220 hivi. Makano ya nyuma ya paja yakikunjwa yakawa nyuzi nne huweza kuzidi nguvu hiyo maabara. Panapoachia ni pale kano lilipofungwa. Kurosaka na wenzake walilipima jambo hili mwaka 1987 kwenye magoti ya maiti, wakalinganisha njia mbalimbali za kufunga. Walichokikuta ni kwamba udhaifu uko kwenye ufungaji, na kwamba skrubu nene ya milimita 9 ilishika vizuri kuliko ile ya milimita 6.5 iliyokuwa ikitumika. Upande wa muundi ndio unaowapa madaktari wasiwasi zaidi, maana mfupa wake wa ndani ni laini kuliko wa paja, tena mvuto wa goti hulielekea tundu moja kwa moja.

Baada ya hapo mwili huanza kazi yake. Mfupa huota kuelekea kwenye kano na kulishika tunduni. Kano lililochukuliwa pamoja na vipande vya mfupa kwenye ncha zake, kama linavyochukuliwa la chini ya pia, hushika kwa wiki 6 hivi, kwa kuwa hapo ni mfupa unaounga na mfupa. Kano tupu huchelewa, wiki 8 hadi 12 au zaidi. Rodeo na wenzake walifuatilia hatua hii kwa mbwa na kuchapisha matokeo mwaka 1993: katika wiki za mwanzo kano likivutwa lilichomoka tunduni, lakini kuanzia wiki ya 12 halikuchomoka tena. Fundi akimwaga zege la nguzo huizungushia mbao mpaka zege likamae, na hakuna anayezihesabu mbao hizo kuwa nguzo. Skrubu na kifungo vipo kwa kazi ya mbao.

“Basi wiki ya 12 nirudi uwanjani”

Hapa ndipo kosa huwa kubwa, na nasema kwa uchungu kwa sababu huwakuta vijana wenye bidii. Kushikwa na mfupa ni nusu ya safari. Kano lenyewe lilikatwa kutoka kwenye damu yake. Likiwa ndani ya goti, seli zake nyingi hufa kwanza, mishipa mipya ya damu huingia polepole, seli mpya hufuata, kisha nyuzi zake hupangwa upya. Katika miezi ya mwanzo ya kazi hiyo kano huwa dhaifu kuliko lilivyokuwa siku lilipowekwa, na ujenzi huendelea kupita mwaka mmoja.

Tatizo ni kwamba goti halitoi taarifa ya jambo hili. Mwezi wa tatu au wa nne uvimbe umekwisha, maumivu yamepungua, mtu anakimbia kwa mstari ulionyooka bila shida, na kocha wa mchangani anamwita. Kutoumwa hakumwambii kano limefikia wapi. Utafiti uliofanywa Norwe na Grindem na wenzake, ukachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba kwa kila mwezi mtu aliochelewesha kurudi kwenye michezo ya kukata kona, hadi kufikia mwezi wa 9, hatari ya kuumia goti tena ilipungua kwa takriban nusu. Nusu, kila mwezi! Tena muda peke yake hautoshi: misuli ya mbele ya paja ikaribie nguvu za ile ya mguu usioumia, na majaribio ya kuruka na kutua yafanyike mbele ya mtaalamu wa fiziotherapia. Skrubu iwe ya bei gani, haiwezi kufanya mazoezi hayo kwa niaba ya mtu.

Kutu, baridi, mashine za uwanja wa ndege

Titani haioti kutu mwilini. Hujifunika yenyewe utando mwembamba wa oksidi unaoilinda. Kuhusu baridi, skrubu iliyozama ndani ya mfupa hukaa kwenye joto la mwili, na maumivu ya goti wakati wa mvua na baridi huwapata pia watu wasio na chuma chochote. Vipande vidogo hivi mara nyingi hupita kwenye mashine za ukaguzi bila kulia. Mashine ikilia, eleza.

La MRI, kile kipimo cha picha kinachotumia sumaku kubwa, ni zito kidogo, kwa sababu wapo wanaokataa kipimo wanachokihitaji. Sumaku ya MRI haivuti titani. Kinachotokea ni picha kuharibika kiasi karibu na chuma. Mweleze mhudumu mapema kuna kitu gani na kiko wapi, aipange mashine ipasavyo.

“Ya kuyeyuka ndiyo bora, maana haibaki mwilini”

Zipo skrubu zilizotengenezwa kwa asidi ya polilaktiki, na wauzaji huzisifu sana. Ni kweli huyeyuka, lakini aina nyingi huchukua miaka. Wala si lazima mfupa ujaze pale zilipokuwa: wengine hubaki na uwazi, wengine hupata uvimbe wa majimaji au mwasho wa ndani wakati zinayeyuka. Baadhi huvunjika wakati wa kukazwa, kwa kuwa si ngumu kama chuma. Ndiyo maana siku hizi nyingi huchanganywa na madini ya kalsiamu na fosfeti ili kuukaribisha mfupa. Kuna pia skrubu za plastiki ngumu inayoitwa PEEK, ambazo watu hudhani ni za kuyeyuka kwa sababu hazionekani kwenye eksirei. PEEK haiyeyuki kamwe.

Faida za zisizo za chuma zipo: picha za MRI hutoka safi, na upasuaji wa pili ukihitajika baadhi yake hutobolewa tu zikapitwa. Ila tafiti zilizozilinganisha na za chuma kwa ujumla hazikuonyesha tofauti ya maana katika utendaji wa goti. Mgonjwa aliyewekewa titani kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, au ndiyo aliyoimudu, hajapewa tiba ya daraja la pili.

Kwa hoja hiyo hiyo, si lazima chuma kitolewe. Kikiwa kimya hubaki maisha yote. Hutolewa kikiwasha, kukiwa na maambukizi, au kikiwa kinazuia upasuaji mwingine. Wanaosumbuliwa zaidi ni waliowekewa stepla (pini ya chuma yenye miguu miwili) au skrubu yenye washa (kisahani kinachokaa chini ya kichwa chake) upande wa muundi, ambako ngozi ni nyembamba. Anayepiga magoti kuswali hukihisi kila siku. Lakini kano likichukuliwa chini ya pia, kupiga magoti kunaweza kuuma hata bila chuma, kwa hiyo kichunguzwe kwanza chanzo kabla ya kurudi chumba cha upasuaji.

“Nimewekewa ligamenti ya plastiki”

Wengi wanaosema hivi wana kano lao wenyewe. Ligamenti za bandia zilijaribiwa kwa nguvu miaka ya 1980, za nyuzi za kaboni na za Gore-Tex. Nyingi zilikatika, na chembechembe zake zikavimbisha magoti. Madaktari wengi wakarudi kwenye kano la mtu.

Kwa watoto tahadhari ni nyingine. Sehemu ya ukuaji iliyo karibu na ncha ya mfupa ikiwa bado wazi, skrubu haipaswi kuivuka, kwani mfupa unaweza kukua kombo au kusimama. Kifungo kinachokaa nje ya mfupa husaidia hapo. Mzazi aliulize hili waziwazi kabla ya kutia saini.

Jambo jingine linalodhaniwa kuwa la daktari peke yake ni ripoti ya upasuaji. Iombe, iwe ni MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, au hospitali binafsi, na uitunze pamoja na vyeti vyako. Iandikwe kano lilitoka wapi, kipandikizi ni cha aina gani, cha kampuni gani, cha ukubwa gani, kila upande. Goti likiumia tena baada ya miaka, daktari mwingine atahitaji bisibisi inayoingia kwenye kichwa cha skrubu ile ile, na eksirei haiwezi kumwambia ni ipi.