Kwa nini huanza kutazama kitako

Ukiniletea bilauri ya Kijerumani yenye tai wa vichwa viwili, nikaipindua kabla ya kuitazama picha, usiudhike. Mwaka uliochorwa mbele, uwe 1615 au wowote ule, nitausoma mwisho.

Bilauri hizi huitwa Humpen. Zilitengenezwa Bohemia (leo Ucheki) na nchi za Kijerumani tangu nusu ya pili ya karne ya 16. Ni ndefu, zimesimama wima kama pipa, na kubwa mno. Nyingine hujaa lita mbili za bia na zaidi, maana zilipitishwa mezani mkono kwa mkono. Tai ni nembo ya Dola Takatifu la Kiroma, milki ya zamani iliyounganisha nchi za Kijerumani, na mabawani mwake hupangwa ngao 56 za watawala na miji.

Picha hiyo haikupakwa rangi ya kawaida. Ni enameli, yaani kioo kilichosagwa kikawa unga: kobalti huleta buluu, shaba kijani, bati nyeupe. Mchoraji hulowesha unga, huchora kwa brashi, kisha bilauri hurudi motoni. Hapo ndipo penye kazi. Unga sharti uyeyuke kabla bilauri yenyewe haijalegea, ndiyo maana ulitiwa madini ya risasi. Moto ukipungua, enameli haishiki na baadaye hubanduka. Ukizidi, chombo hupinda. Kile kikombe cheupe cha bati cha bibi kimevikwa kioo kwa kanuni hiyohiyo, ndiyo sababu kikianguka humeguka vigaga.

Mimi nampenda zaidi ndugu yake mwembamba, Passglas, aliyezungushiwa pete. Mnywaji alitakiwa kunywa mkupuo mmoja na kukoma penye pete hasa. Akipitiliza, anywe tena hadi inayofuata. Nyingine zimechorwa karata. Walevi na wacheza karata walijuana.

Karne ya 19 Wajerumani walishikwa na mapenzi ya mambo ya kale, na viwanda kama cha Fritz Heckert, mjini Petersdorf huko Silesia (leo Poland), vikazitoa upya, tai na ngao zake. Kuiga si kosa. Kosa ni la anayeiuza leo kama ya karne ya 17.

Basi kitako. Kilichoburutwa mezani miaka 300 kina mikwaruzo myembamba inayokwenda kila upande, tena kwenye ukingo tu. Kilichosuguliwa msasa ili kionekane cha kale kina mistari inayofuatana. Na mwenye msasa hujisahau: husugua hata bonde la katikati, ambalo halijawahi kugusa meza.