Umeanguka farasini: wewe hospitali, helmeti jalalani

Kituo chetu cha afya kiko karibu na mazizi ya farasi. Alfajiri masaisi, yaani watunza farasi, huwatoa farasi mazoezini, na kufikia saa tatu mara nyingi tayari kuna mmoja kwenye benchi letu, ameshika bega au kifundo cha mkono. Mkono tutaufunga, utapona. Wanaonitia hofu ni wale ambao hawakuja: walioanguka, wakajipangusa vumbi, wakapanda tena, kisha wakaletwa jioni au kesho yake wamelala kwenye kiti cha nyuma cha gari. Maswali haya ni yale ninayoulizwa kila wiki na masaisi, na siku hizi pia na wazazi wenye watoto wanaojifunza kupanda.

Helmeti ya farasi hufanya kazi gani hasa?

Ina ganda gumu nje, na ndani yake sponji nyeupe ngumu, ya jamii ile inayofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Kichwa kikigonga ardhi, sponji hubonyea na kumeza kishindo kabla hakijafika kwenye ubongo. Ikishabonyea hairudi tena. Juu ya farasi mrefu kichwa chako kiko karibu mita 2.5 kutoka ardhini hata farasi akiwa amesimama tu.

Sista, nilianguka jana lakini helmeti haijapasuka. Si bado ni nzima?

Hapana. Kama kichwa kiligonga, helmeti hiyo imekwisha, hata kama ganda linang'aa.

Kijana mmoja aliniletea yake kwenye mfuko wa karatasi ili anithibitishie kwamba ni nzima. Kitambaa cha nje hakikuwa na mkwaruzo. Nilivuta bitana ya ndani nikapitisha kidole gumba kwenye sponji, na juu kidogo ya sikio la kulia kidole kikazama. Palikuwa na shimo la ukubwa wa kifuniko cha soda, na ufa mwembamba kama unywele ukitoka hapo hadi ukingoni. Nikakishika kidole chake mwenyewe nikakipitisha palepale. Alinyamaza. Helmeti hiyo ingeanguka naye mara ya pili, pale mahali ingekuwa sawa na kuvaa sufuria.

Na si kila mbonyeo utauona au utaushika kwa kidole. Kwa hiyo usikague ili uamue. Kichwa kimegonga, basi imekwisha.

Na mimi mwenyewe? Sikuzimia, natembea, naongea.

Njoo hospitali. Siku hiyohiyo, si kesho.

Kuzimia si kipimo. Mtikisiko wa ubongo maana yake ni kwamba ubongo umesukasuka ndani ya fuvu na kazi yake imevurugika, na wengi wanaoupata hawazimii hata sekunde moja. Yule kijana wa mfuko wa karatasi hakuzimia. Ni mkewe aliyegundua, kwa sababu usiku huo kijana alimuuliza mara tatu, "Nimeshawapa farasi maji?" Mara tatu mkewe alimjibu, na mara tatu kijana akasahau kwamba ameuliza.

Lililo baya zaidi ni damu. Kuna mshipa unaopita ndani ya fuvu kwenye panja, mahali ambapo mfupa ni mwembamba. Ukichanika, damu hujikusanya polepole kati ya fuvu na ubongo. Katika muda huo mtu anaongea, anakunywa chai, anawaambia wenzake yuko sawa, na wenzake wanaamini. Baada ya saa chache kichwa kinamuuma kwelikweli, anataka kulala, na akilala haamshiki. Akifikishwa mapema kwenye hospitali yenye mashine ya CT, ile inayopiga picha ndani ya kichwa, na daktari wa upasuaji, huyu ni mtu wa kuokolewa. Akiachwa alale chumbani "apumzike", tunakuwa tumempoteza kwa kutojali.

Tulifundishwa kwamba ukianguka upande tena mara moja, usije ukamwogopa farasi.

Nalijua fundisho hilo, na ningependa lizikwe. Aliyegongwa kichwa mizani yake imeyumba, uamuzi wake ni mzito, na mikono inachelewa kushika hatamu. Ataanguka tena kwa urahisi, na ubongo ambao haujapona ukitikiswa mara ya pili unaweza kuvimba vibaya sana. Woga wa farasi tutautibu wiki ijayo au mwezi ujao.

Umeanguka, kichwa kimegonga: hupandi tena siku hiyo. Hupandi hata kumrudisha farasi zizini. Mwenzako amwongoze kwa mkono, wewe unakuja kwetu. Na hurudi kupanda mpaka dalili zote ziishe na daktari akuruhusu.

Dalili zipi zinataka haraka zaidi?

Kutapika zaidi ya mara moja. Maumivu ya kichwa yanayozidi badala ya kupungua. Degedege. Usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, kurudia maneno. Mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine. Mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito. Maji meupe au damu kutoka puani au masikioni. Ukiona hata moja, acha kituo chetu kidogo, nenda moja kwa moja hospitali kubwa.

Kama kichwa kinauma, meza parasetamoli tu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache, zinaweza kuongeza kuvuja damu. Pombe kabisa usiguse. Naambiwa mara nyingi kwamba alipewa kidogo "atulize mshtuko". Mlevi na mwenye damu kichwani wanafanana, na tukimpokea akinuka pombe hatujui tunachokitazama.

Tumkute ameanguka, tumvue helmeti?

Kama anapumua vizuri, mwacheni nayo. Msimkalishe, msimvute kwa mikono, shikeni kichwa na shingo visigeuke mpaka msaada ufike. Mkanda wa kidevuni mnaweza kuulegeza. Helmeti ivuliwe pale tu inapozuia kupumua au kutoa matapishi, na hapo mmoja ashikilie shingo huku mwingine akiivuta taratibu. Mwenye jukumu la kumshika farasi amshike mbali.

Nina helmeti ya bodaboda. Si ni ngumu zaidi?

Imetengenezwa kwa ajali ya namna nyingine. Ni nzito juu ya shingo, inaziba masikio, na ile ya kufunika uso inakupunguzia kuona pembeni, wakati mpanda farasi anahitaji kuona na kusikia kila upande. Ya baiskeli nayo hukaa juu juu, sehemu ya nyuma ya kichwa inabaki wazi, na haikupimwa kwa kishindo cha ukingo wa kwato yenye chuma. Ya farasi hupimwa kwa hilo. Mzula na kofia ya kitambaa sitazijadili.

Nitajuaje kwamba ni helmeti ya kweli?

Tazama lebo ndani. Unatafuta mojawapo ya alama hizi za viwango vya usalama: PAS 015 ya Uingereza, VG1 ya Ulaya, ASTM F1163 ya Marekani ikiwa na alama ya SEI, au AS/NZS 3838 ya Australia na New Zealand. Ukikuta EN 1384, nayo ya Ulaya, angalia mwaka: toleo la 2023 ndilo linalokubalika, matoleo ya nyuma yaliachwa. Bila lebo, au lebo imefutika usiweze kusoma, hiyo ni pambo. Zile kofia nzuri za mahameli za zamani, zenye mkanda wa lastiki au zisizo na mkanda kabisa, zitundike ukutani.

Bei haipimi usalama. Nyingi za ghali zina ngozi na vito vya kung'aa, na sponji ya ndani imefaulu kipimo kilekile.

Nitaijuaje inayonitosha?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu helmeti iliyolegea hutangulia kuanguka kabla yako.

Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe kichwani, mbele upite kama sentimita 2.5 juu ya nyusi, nyuma upite pale kichwa kilipotokeza zaidi. Pata namba kwa sentimita. Hiyo inakupa pa kuanzia tu, maana vichwa viwili vya 57 vinaweza kuwa kimoja cha mviringo na kingine kirefu kama yai, na helmeti za kampuni tofauti hukatwa kwa umbo tofauti.

Ivae ukianzia paji la uso kwenda nyuma. Ikae sawa, isilale kisogoni kama kofia ya mtu anayeota jua. Kati ya ukingo wake na nyusi paenee vidole viwili vilivyolazwa. Kabla hujafunga mkanda, inama utazame viatu vyako na utikise kichwa. Ikidondoka ni kubwa. Sasa ishike kwa mikono miwili uisogeze kulia na kushoto: ngozi ya paji iende nayo, nyusi zicheze. Ikizunguka yenyewe na nyusi zimetulia, ni kubwa. Isukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Isije ikakufunika macho.

Kisha mkanda. Upite chini ya taya karibu na koo, usikalie ncha ya kidevu. Kidole kimoja kipite kwa shida kidogo. Piga miayo: unapaswa kuisikia helmeti ikivutwa chini. Halafu kaa nayo dakika kumi. Kubana pande zote sawasawa ni vizuri. Kuuma mahali pamoja, au alama nyekundu katikati ya paji, maana yake umbo si la kichwa chako, jaribu nyingine.

Usijaze kipande cha godoro wala gazeti ndani ili kubwa ikutoshe. Kipande hicho huteleza, na helmeti huteleza nacho. Kwa mtoto pia, usinunue kubwa "ataikulia". Viatu vya shule mnunulie hivyo, helmeti hapana.

Na mkanda ufungwe kabla mguu haujaingia kwenye kikuku cha tandiko. Kila siku naona watu wakipita hapa juu ya farasi, helmeti kichwani na mkanda ukining'inia. Huyo hajavaa kitu.

Nina rasta, au nimesuka. Nifanye nini?

Nywele zifungwe chini, shingoni, zisirundikwe utosini chini ya helmeti. Jipime ukiwa na msuko utakaopandia, na ukibadilisha mtindo, rudia vipimo vyote. Kitambaa chembamba cha kichwa au cha hijabu hakina shida kama hakina fundo wala pini. Wigi ivuliwe.

Nimepata ya mitumba. Au tajiri wangu amenipa yake ya zamani.

Shukuru, kisha usiivae. Hujui imeanguka mara ngapi, na aliyekupa huenda naye hajui. Ninaona masaisi wakirithi helmeti ambazo wenye farasi wameacha kuziamini kwa watoto wao. Hilo linaniudhi, na nalisema wazi kwa wenye farasi: kama haimfai mwanao, haimfai anayekufanyia kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mwajiri jukumu la kulinda usalama wa mfanyakazi kazini, na anayempanda farasi wako alfajiri yuko kazini.

Hata isiyowahi kuanguka, watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe baada ya kama miaka mitano, mapema zaidi kwa anayeivaa kila siku. Jasho na joto huila. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, usiikalie, usiirushe sakafuni. Ikidondoka kwa nguvu kwenye saruji, ihesabu kuwa imeanguka.

Nimepanda miaka ishirini. Hizi ni za wanafunzi.

Mwaka 2008 Courtney King-Dye aliiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki katika dresaji, mchezo wa kumwongoza farasi kwa hatua zilizopangwa. Machi 2010 alikuwa mazoezini, hana helmeti, farasi akajikwaa kwa miguu yake mwenyewe. Hakuwa anakimbia, hakuwa anaruka kiunzi. Fuvu lilivunjika, akakaa wiki kadhaa bila fahamu, akaanza upya kujifunza kutembea na kuzungumza. Yeye mwenyewe amekuwa akiwahimiza wenzake wavae. Tangu Januari 2021 Shirikisho la Kimataifa la Farasi, FEI, limelazimisha helmeti hata kwa wale waliokuwa wakivaa kofia ndefu nyeusi za heshima. Uzoefu wako anaujua nani, farasi aliyejikwaa?

Nimeanguka, nimeambiwa nyingine itanunuliwa mwisho wa mwezi. Hadi hapo nifanye nini?

Usipande. Kuna kulisha, kusafisha mazizi, kusugua farasi, kupaka tandiko mafuta. Kazi ya chini haijaisha. Ukibanwa, sema ni sista wa kituo cha afya aliyekataza, na nitaandika karatasi nikupe uipeleke. Nimeshaandika nyingi.

Na ile ya zamani usiitundike kwenye msumari wa chumba cha matandiko, kwa sababu mgeni wa kesho ataichukua. Ikate mikanda yote miwili kwa kisu, andika juu yake IMEANGUKA kwa kalamu nene, ndipo uitupe.