Kumsaidia mwanafunzi maabara si kumpa jibu

Malalamiko kuhusu masomo ya sayansi yanayotufikia sisi wathibiti ubora wa shule ni ya aina mbili. Wazazi wanasema watoto wao hawasaidiwi. Walimu wanasema wanafunzi hawawezi, kwa hiyo inabidi kuwarahisishia. Pande zote mbili zinadhani msaada ni kupunguza ugumu wa kazi. Sivyo, na tumelisema hili mara nyingi. Swali hubaki na ugumu wake. Kinachoondolewa ni kile kinachomzuia mwanafunzi kulifikia.

Tuchukue taitresheni ya kemia, yaani kupima ni ujazo gani wa kimiminika kimoja unaotosha kumalizana na kingine. Kwenye flaski kuna sm³ 25 za sodiamu kaboneti ya 0.05 M, kwenye bureti (mrija wa kioo wenye alama za ujazo na koki chini) kuna asidi ya haidrokloriki (HCl), na kiashiria, yaani rangi inayobadilika kuonyesha kazi imekwisha, ni matone mawili au matatu ya metili orenji. Mwanafunzi atafute molariti (M) ya asidi, yaani idadi ya moli, kipimo cha wingi wa chembe, katika kila lita.

Kwanza asaidiwe kazi ya mkono. Bureti isuuzwe kwa asidi yenyewe, flaski kwa maji yaliyosafishwa tu. Faneli iondolewe kabla ya kusoma, jicho liwe usawa wa sehemu ya chini ya mkunjo wa kimiminika, na kigae cheupe kiwe chini ya flaski. Haya aonyeshwe waziwazi, maana hakuna anayeyagundua kwa kubahatisha. Kinachopaswa kumtoa jasho ni swali la kwa nini. Kiputo cha hewa kikibaki chini ya koki kisha kikatoka katikati ya kazi, ujazo utakaosomwa utazidi au utapungua? Flaski ikisuuzwa kwa kaboneti je? Mwalimu asijibu. Awaache wabishane kwa Kiswahili, kisha waandike hoja yao kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani.

Kwenye hesabu, wengi husahau kwamba moli moja ya kaboneti hutumia moli mbili za asidi. Aliyesahau, akiwa ametumia sm³ 25 za asidi, atapata 0.05 M badala ya 0.1 M. Kumwambia “zidisha kwa mbili” ni kumnyang'anya somo. Mrudishe kwenye mlinganyo, mwulize namba iliyo mbele ya HCl inasema nini, kisha nyamaza.

Msaada uondolewe kwa hatua. Kipindi cha kwanza apewe jedwali lenye vichwa vyote na mfano wa hesabu uliokamilika. Cha pili, jedwali lisilo na vichwa na hesabu iliyoishia nusu. Cha tatu, karatasi tupu. Jedwali lilelile likitolewa mwaka mzima, mwanafunzi hajajifunza kupanga vipimo vyake. Aliyemaliza mapema asirundikiwe maswali matano ya aina ileile. Abadilishiwe kiashiria: kwa fenolfthalini, rangi itapotea kwenye sm³ 12.5. Aeleze kwa nini ni nusu.

Shule isiyo na bureti isitumie hilo kama kisingizio. Sirinji, siki, maji ya majivu na juisi ya rozela isiyotiwa sukari vinatosha kufundisha hoja yenyewe, ingawa havitoshi kwa vipimo vya mtihani.

Kwa upande wa taratibu, andalio la somo lionyeshe msaada gani unatolewa, kwa nani, na utaondolewa lini. Mthibiti ubora husoma andalio, hulilinganisha na azimio la kazi (mpango wa mada za kufundishwa kwa kipindi kirefu), kisha hufungua madaftari. Visipooana, mwalimu huelezwa na mapungufu huingizwa kwenye taarifa ya shule. Maelekezo yanayotolewa saa 24 kabla ya mtihani wa vitendo ni ya mwalimu anayeandaa maabara, si ya mtahiniwa. Kumdokezea mtahiniwa yaliyomo ni udanganyifu: matokeo yanaweza kufutwa, na mwalimu akafikishwa kwenye mamlaka yake ya nidhamu na hata mahakamani. Kisingizio cha “nilikuwa nawasaidia” hakikubaliki.

Mzazi anayetaka kujua kama mtoto anafundishwa afungue daftari la vitendo. Vipimo vitatu vya mwanafunzi mmoja hutakiwa kukaribiana, ndani ya sm³ 0.2. Lakini vipimo vya darasa zima vikilingana hadi desimali ya mwisho, vimenakiliwa ubaoni. Akiona hivyo, amwone kwanza mwalimu wa somo, kisha mkuu wa shule, na lisipotatuliwa alete suala hilo kwa maandishi kwenye ofisi ya uthibiti ubora ya wilaya.