Filamu bubu hazikuwa kimya

Wengi huamini filamu bubu, zile za zamani zisizo na sauti, zilitazamwa kimya kimya, waigizaji wakienda mbio mbio. Si kweli. Ukumbini palikuwa na mpiga piano, pengine okestra nzima. Japani alikuwepo benshi: alisimama kando ya pazia akisimulia na kubadilisha sauti kwa kila mhusika, kama DJ wetu wa kibanda umiza. Wapo waliopendwa kuliko nyota wenyewe!

Mbio nazo zinatokana na mashine. Kamera ilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha 16 hadi 20 kwa sekunde. Baadaye zikaonyeshwa kwa 24, kasi ya filamu za sauti. Tafuta nakala iliyorekebishwa kasi, umtazame usoni Lillian Gish, nyota wa filamu hizo, kope zikishuka taratibu. Mimi machozi yalinitoka.